Namba ya Televisheni

Mume wangu,

Huku hatujambo. Dada yako kajifungua salama, na paa halivuji tena. Barua hii nampa dereva mwenzako, maana simu zangu hupokei.

Nataka namba ya siri ya televisheni tu. Uliifunga ili wanao wasione uchafu, kisha ukaenda zako, miezi saba sasa. Nimejaribu siku zetu zote za kuzaliwa, nikakosea hadi ikafunga hata katuni.

Sasa kioo kinaandika: “Mwite mzazi.” Kwani mimi ni nani humu ndani?

Kitindamimba wetu ameanza kusoma. Kila akitoka shule huiwasha, huyasoma maneno hayo kwa kidole, kisha huenda mlangoni na kuita, “Baba!”

Kumkataza nimeshindwa.

Mkeo, kama bado ni mkeo.