Bwana Maji Asiguswe

Kwako dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limekupa nafuu kiasi cha kupanda ngazi bila kumtukana fundi aliyezijenga. Shemeji hajambo? Mwambie mkasi wake ninao bado, na sijasahau kwamba ni wa kuazima. Mimi mwili mzima. Moyo ndio nakuandikia habari zake.

Unajua manispaa inataka kuitengeneza upya bustani ya umma ninayoihudumia mwaka wa kumi na tisa sasa. Vitawekwa viti vipya, taa, na mabomba ya kumwagilia yenyewe, kwa hiyo mtunza bustani atabaki mmoja tu. Tuko wawili: mimi, na yule mwenzangu aliyekuja mwaka jana na cheti chake ndani ya bahasha ya plastiki. Afisa alisema wakazi waulizwe kwanza. Fomu zikagawiwa, sanduku likawekwa langoni, na ufunguo nikapewa mimi kwa kuwa ndiye mkongwe.

Dada, yule bwana ananichoma. Zamani akina mama walisimama kwangu kuuliza jina la ua. Siku hizi wananipita moja kwa moja hadi kwake. Aliunganisha mabomba ya majaribio kwenye kona ya waridi, akaita watu, akafungua koki, wakapiga makofi. Makofi, kwa maji! Mimi nimemwagilia kwa mpira miaka yote hii, hakuna aliyenipigia hata mluzi. Najua utasema nina kijicho tangu utotoni, kwamba hata gauni lako jipya nililililia.

Sasa nisikilize, na usiikunje barua. Siku moja kabla ya fomu kuchukuliwa, nilifungua sanduku. Swali la mwisho lilikuwa: kitu gani kisiguswe? Wengine walitaja miti ya kivuli. Lakini fomu thelathini na moja zilisema neno lilelile: Bwana Maji asiguswe. Mabomba yake, makofi yake, na sasa hata jina wameshampa! Mbaya zaidi, moja ilikuwa kwa mwandiko wake mwenyewe, ninaoujua kwenye daftari la zamu. Nikasema huyu hana haya, anajipigia debe. Nikazichomoa zote, nikazifukia kwenye lundo la mbolea na kuzilowesha.

Juzi afisa alisoma matokeo. Alisema hakuna mkazi aliyemtaja mtunzaji yeyote, basi atabaki mwenye cheti. Muuza magazeti wa langoni akaja juu kwamba haiwezekani, mtaa mzima umeandika. Nilipomuuliza wameandika nini, alinishangaa. Akasema Bwana Maji ni mimi, ninayewarushia watoto maji ya mpira wakati wa jua kali. Mbele yangu huniita Mzee kwa adabu tu. Mwenzangu alikuwa kando, ameinamisha kichwa.

Sijamwambia mtu ila wewe. Jumatatu nakabidhi funguo, naye ameniomba nimfundishe kupogoa waridi kabla sijaondoka. Na aibu kubwa kuliko zote, dada, ni kwamba wivu haujaniisha. Sasa namwonea huyo Bwana Maji, aliyependwa na watu thelathini na mmoja, nami nimeishi naye miaka yote bila kumjua.

Nisalimie shemeji na watoto. Ukijibu, nigombeze kwanza, ndipo unisalimie.

Ni mimi,
kitindamimba wenu