Matuta ya Jumapili ya Matawi

Kasense, Sumbawanga
Ijumaa, 12 Julai 2024

Ndugu yangu Mboje,

Pokea salamu kutoka huku juu kwenye baridi. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mama watoto na wale wanao wawili ambao nimewaona kwenye picha tu, na kwamba joto la huko bondeni halijawakaanga. Mzee Kashinje kifua chake kinaendeleaje? Nimesikia anakohoa mpaka hawezi kulala chali. Mimi kwa upande wangu mwili hauna neno, nakula, natembea. Tatizo ni kwamba tangu nifike sikai nikakalika, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Najua utashangaa, fundi wa malori anaandika barua wakati simu ipo. Namba yako ninayo, dada Bertilla alinipa tangu Jumapili. Nimeipiga mara mbili, na mara zote mbili nimekata kabla haijaita. Kwa hiyo vumilia mwandiko wangu huu wa kuku, na vumilia nikikusimulia mambo mengine ambayo unayajua kuliko mimi. Nina sababu yangu ya kuyaandika yote, nitaisema.

Nilikuja kumwona baba. Mzee Wilibrodi aliteleza kisimani mwezi wa tano, mguu ukavunjika, na Bertilla akawa ananipigia kila siku kuniambia kwamba mzee ananiulizia. Nikaomba siku kumi pale gereji Mbeya. Siku kumi! Wallahi hata mbili zilikuwa nyingi. Wewe unaujua mji wetu ulivyotulia, lakini nadhani umesahau. Upepo wa mwezi wa saba unavuma tangu asubuhi, jua linawaka lakini halipashi kitu, watu wamejifunga makoti na mitandio wanakwenda zao taratibu kana kwamba hakuna anayengojewa mahali popote. Sokoni akina mama wamekaa na maharage yao na dagaa wa Kirando, hakuna anayekuita, hakuna anayekushika mkono. Kule gereji ukitaka spana lazima upige kelele. Hapa kwetu namsikia kuku akiparua nyuma ya nyumba.

Basi nikatafuta kazi. Siku ya kwanza nikatengeneza mlango wa jikoni. Siku ya pili nikapanda juu ya bati nikagongelea misumari. Siku ya tatu nikaifungua baiskeli ya Bertilla yote, vyuma nikavipanga kwenye gunia, nikavipaka mafuta, nikairudisha ilivyokuwa. Baba alikuwa amekaa ukutani upande usio na upepo, ameegemea fimbo yake. Akaniuliza ile baiskeli ilikuwa imelalamika kwamba inaumwa wapi. Nikacheka, nikaendelea kujifuta mafuta mikononi. Alasiri natembea kwa miguu mpaka stendi, nanunua kahawa, nasoma vibao vya mabasi ya Mbeya, narudi. Bertilla akasema nimekuwa kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Sasa nije kwenye kikao. Nilikuwa sijui kabisa kwamba umeomba kurudi. Nilisikia Jumanne jioni, Bertilla akiwa anachambua ulezi, akasema kama mtu anayesema habari za mvua, kwamba Mboje wa Kashinje ameandika kwa mwenyekiti kuomba kile kipande cha juu ya kijito mlipokuwa mkikaa zamani, ambacho mpaka leo kimelala tu. Akasema mzee wako hataki kufia bondeni, anataka akae karibu na kaburi la mama yako, na siku ikifika alazwe pembeni yake. Mboje, niliposikia hivyo nilitoka nje nikazunguka nyumba mara tatu.

Jumatano nikaenda kikaoni. Nilijiambia nampeleka baba tu, maana hawezi kutembea peke yake. Mwenyekiti Nestory akasoma barua yako, akaisoma vizuri, kwa heshima. Kisha mama Fransiska, jirani yetu, akasimama. Akasema yeye hana ugomvi na kijana, tena anakumbuka ulivyokuwa ukimsaidia kubeba maji, lakini watu ambao ng'ombe wao walimharibia mtu chakula cha mwaka mzima hawawezi kupewa tena ujirani. Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Hapa ndipo naomba uvumilie, nieleze kama vile hukuwepo. Mwaka 2008 baba alikuwa amefungua shamba jipya, na sisi tukainua intumba, yale matuta yetu ya mviringo. Unakata majani marefu mwisho wa mvua, unayalaza, unayafunika kwa udongo na nyasi zake zikitazama ndani, yanaoza humo miezi yote ya kiangazi. Mwaka unaofuata unalipasua tuta, unalisambaza, unapanda ulezi. Kwa hiyo tuta la mwaka huu ni chakula cha mwaka ujao. Anayelibomoa kabla halijaoza hajaharibu zao, amekuibia mwaka. Wewe Msukuma ulikuja kutusaidia siku tatu nzima, nikakucheka kwamba matuta yako yamekaa kama ng'ombe waliolala. Ulinirushia bonge la udongo mgongoni.

Jumapili ya Matawi sisi Wakatoliki wote tulikuwa kanisani, ndivyo watu wanavyosema. Tuliporudi, mvua kubwa ikanyesha, na mvua ilipokatika watu wakaona matuta zaidi ya sitini yamebomoka, nyasi zimetawanyika. Ng'ombe wenu walikuwa wamepita chini ya shamba asubuhi kwenda kunywa maji. Nani mwingine alikuwa nje ya kanisa? Kikao kikaitwa siku hiyo hiyo. Baba yako akaapa kwamba ng'ombe hawakupanda kule juu. Hakuna aliyemsikiliza. Mkatozwa wale maksai wawili wa kulimia, wakapewa baba, na kabla ya Pasaka kwisha mkafunga mizigo, mkateremka ule ukingo wa Lyamba lya Mfipa kwenda bondeni, na wewe ukaacha shule kidato cha tatu, wewe uliyekuwa ukinifundisha hesabu mimi niliyekutangulia. Mama yenu mlimwacha ardhini, hata mwaka alikuwa hajamaliza.

Basi Jumatano hii Nestory akamgeukia baba, akasema mwenye shamba ndiye aliyeumia, je, ana neno? Baba akatazama fimbo yake, akasema hana neno. Nestory akauliza kama yupo mwingine. Nikasimama. Watu wote wakanigeukia, mpaka watoto waliokuwa dirishani. Nikasema naomba kutoka nikajisaidie. Ndiyo, cheka. Walicheka na wao. Nikatoka nikasimama nyuma ya jengo, nikiwa nimeshika ukuta kwa mikono miwili, na niliporudi walikuwa wameshapanga kwamba uamuzi wa mwisho utatolewa Jumatano ijayo, na kwa jinsi walivyokuwa wakiongea, uamuzi wenyewe ni hapana.

Jana sikula. Leo asubuhi nikamwambia Bertilla nimeitwa kazini, nikafunga begi, nikamuaga baba juu juu, nikakata tiketi. Nilikuwa nimeshakaa kitini, basi linanguruma, kondakta anahesabu vichwa. Nikawaza kwamba saa saba hivi nitakuwa Tunduma, jioni nitakuwa kwangu, na wewe utaletewa jibu lako la hapana, na mzee Kashinje atazikwa kwenye joto, na mimi nitaendelea kubadilisha breki za watu. Nikashuka. Kondakta akanitukana tusi ambalo siwezi kuliandika, akaniuliza kama nadhani basi ni la mama yangu. Nikarudi nyumbani kwa miguu, begi begani.

Mboje, hawakuwa ng'ombe wenu. Nilikuwa mimi.

Nilimwambia mama naumwa tumbo. Walipoondoka na matawi yao nikachukua jembe, nikaenda shambani. Unajua ibada ya siku ile ilivyo ndefu, na ile injili ya mateso inayosomwa na watu watatu. Nilibomoa tuta baada ya tuta mpaka mikono ikatoka malengelenge, na ya kwako matatu nikayabomoa pia. Sababu? Haya, icheke nayo. Yule mjomba wa Mbeya alikuwa amenipatia nafasi gereji, na baba akasema siendi popote mpaka matuta niliyoyainua yaoze, yapandwe na yavunwe. Mwaka na nusu! Nilikuwa na miaka kumi na tisa, damu inachemka, nikaona nikikaa hapa mwaka na nusu nitakufa. Nikadhani yasipokuwepo matuta, hakuna cha kungojea. Sikuwafikiria ng'ombe wenu. Naapa sikuwafikiria. Lakini walipotajwa kikaoni nilikuwa nimesimama pale pale nyuma ya baba, na ulinitazama mimi, ukingoja niseme neno kwa sababu ulikuwa rafiki yangu, nami nikatazama pembeni. Wiki hiyo hiyo ukaja kuniaga, ukanipa sweta lako ukasema Mbeya kuna baridi. Nililivaa miaka mitatu, na kila nilipolivaa nilijichukia.

Lipo na jingine, na hili nimelijua leo. Nilipofika nyumbani na begi langu, baba alikuwa ukutani pale pale. Nikapiga magoti, mtu mzima na mvi zangu hizi mbili tatu, nikamwambia. Nilitegemea fimbo. Hakuniangalia. Akasema anajua.

Akasema siku ile alitoka kanisani mapema kidogo, akapitia shambani tawi likiwa mkononi, kabla ya mvua. Akayaona matuta yamekatwa upande mmoja, yote upande mmoja, udongo umekatika laini. Ng'ombe hakati, ng'ombe anakanyaga. Tena kila mkato ulikuwa na mstari mwembamba katikati, na jembe lenye pengo katikati ya makali lilikuwa moja tu nyumbani kwetu, langu. Akasema alisimama pale akasikia mvua inakuja kutoka upande wa milimani, akashukuru. Mboje, nilimsikia kwa masikio yangu, alishukuru. Baada ya mvua baba yako alimfuata peke yake, akamwomba waende wote shambani wakatafute alama ya kwato hata moja. Baba akamjibu kwamba mvua imeshafuta kila kitu.

Nikamuuliza kwa nini basi aliniruhusu kwenda Mbeya wiki ile ile. Miaka kumi na sita nilidhani nilimshinda, kwamba ujanja wangu ulifanya kazi. Akasema hakuniruhusu. Akasema kila nilipoingia ndani alisikia maneno yanampanda kooni, na alijua nikikaa mwezi mmoja zaidi atayasema, na mimi nitafungwa au watu watanitenga. Akanitoa. Na wale maksai akalima nao miaka saba, na kila msimu, akasema, aliona haya kuwapiga. Kisha akalia. Sijawahi kumwona baba akilia, hata alipokufa mama. Mimi pia nikalia, kwa hasira. Nilimkasirikia sana, nikajikasirikia zaidi, na Bertilla akasimama mlangoni na ungo wake, hajui amshike nani.

Sasa sababu ya karatasi. Kwa simu ningekuambia, ungesikia wewe peke yako, na kesho mtu angesema umetunga. Hii ina mwandiko wangu na jina langu. Nimeandika nakala mbili. Moja kesho asubuhi namkabidhi Nestory mkononi. Hii ya kwako anateremka nayo Isdori, dereva wa lori la mpunga. Jumatano njoo nayo, na mzee Kashinje kama kifua kitaruhusu. Gereji nimewaambia sirudi mpaka baada ya siku hiyo. Nitasimama, na safari hii sitaomba kwenda kujisaidia. Baba naye amesema atasema, hata kama ni kwa kubebwa kwenye bodaboda. Habari ya maksai anataka kuongea na mzee wako uso kwa uso, wawili wao.

Sikuombi unisamehe. Ningekuomba ningekuwa nakupa kazi nyingine juu ya zile nilizokwisha kukupa. Ukitaka kunipiga, nipige, ila baada ya kikao.

Wasalimie mama watoto na watoto. Bertilla anawasalimu, anasema atapika. Mzee Kashinje sijamtumia shikamoo. Nitamwamkia mwenyewe nikiwa mbele yake, akitaka kuitikia.

Ni mimi niliyevunja,
Ignasi Wilibrodi

Nimesomewa barua hii yote na binti yangu. Ni kweli. Mimi Wilibrodi niliona kabla ya mvua.