Nane Kila Siku

Dada yangu mpenzi,

Hujambo? Mama naye, goti lake limekubali kupanda ngazi au bado linamnunia? Na binti yako, ameacha kulala na viatu? Mwambie mjomba anamuulizia. Mimi mwili ni mzima, ila moyoni nina hasira, tena si kidogo. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata mwanya wa kukwepa. Soma mpaka mwisho kabla hujakwenda kwa wakili Jumatatu. Nakuomba sana.

Shemeji yuko kwangu. Usishtuke, anakula na kutembea, ila ana nyuzi sita kidevuni. Jumanne asubuhi tulikuwa ofisini kwenye kile kikao chetu cha kusimama, ambapo kila mmoja hueleza jana alitengeneza nini na leo atatengeneza nini. Zamu yake ilipofika alianza vizuri, akasema amerekebisha ukurasa wa kuingilia wateja, halafu akanyamaza. Tukadhani anafikiri. Kumbe mtu amelala, Dada, amelala wima na macho nusu wazi, na magoti yalipolegea kidevu kikagonga pembe ya meza. Hospitali daktari alimuuliza mara ya mwisho kulala usingizi wa kutosha ilikuwa lini. Akahesabu kwa vidole, akapotea, akaanza upya. Daktari akamwambia basi, aache tu.

Sasa sikia la kukera. Nilirudi ofisini na damu yake kwenye lile shati ulilonitumia uliposikia nimepewa uongozi wa timu. Nikamkuta mkuu wetu, yule tunayemwita Bwana Tarehe kwa kuwa hana salamu nyingine zaidi ya kuuliza kazi itakwisha tarehe ngapi. Hakuuliza mgonjwa anaendeleaje. Alikuwa ameshachapisha rejista ya masaa ya shemeji, miezi sita mizima, akanisukumia mezani nijionee: nane, nane, nane. Akasema huyu anafanya kazi kama watu wote, anatoka saa kumi na moja jioni, na anachofanya baada ya hapo ofisi haikijui. Alisema hayo huku anatafuna karanga! Nilitamani nimlishe ile karatasi.

Umeyatambua hayo maneno? Ni yako. Ndiyo uliyomwambia shemeji siku ulipofunga mabegi, kwamba rejista inasema katoka saa kumi na moja, basi hayo masaa sita mengine akamweleze huyo mwanamke wake. Naye alisimama mlangoni akirudia kwamba alikuwa kazini, mpaka ukachoka kumsikia.

Alikuwa kazini. Hakuna mwanamke. Rejista ndiyo inayodanganya.

Kabla ya kuondoka, kila mfanyakazi hujaza kwenye kompyuta masaa aliyofanya. Shemeji alikuwa akiandika kumi na nne, siku nyingine kumi na tano, kwa uaminifu wake ule wa kurudi dukani kurudisha chenji iliyozidi. Lakini fomu ilikuwa imefundishwa kwamba chochote kinachozidi nane kigeuzwe nane. Anayejaza haoni hilo. Anayeona ni mkuu na wachache aliowaruhusu. Bwana Tarehe aliagiza hivyo baada ya kusikia wakaguzi wa kazi watakuja kuangalia kama watu wanachoshwa. Kupunguza kazi kulimshinda, akapunguza nambari. Na sisi tukaendelea kukonda mbele ya kompyuta huku kwenye karatasi tumepumzika vizuri.

Wiki hii nimemtukana mpaka msamiati umeniishia. Nimeitukana ofisi, tarehe zake na karanga zake. Amebaki mtu mmoja tu ambaye bado sijamtukana.

Aliyeifundisha fomu ile ni mimi. Mstari mmoja tu wa programu, na chai yangu ilikuwa haijapoa. Huo uongozi ulionipongeza, na shati ukaninunulia, ndiyo ilikuwa asante ya Bwana Tarehe.

Na kuna baya zaidi. Ile siku uliponiandikia kwa siri, saa mbili usiku, ukauliza kama mumeo bado yuko ofisini, nilikujibu kwamba sijamwona tangu saa kumi na moja. Nikaipiga picha rejista ya siku zilizotangulia nikakutumia, nikijua ni uongo, maana niliutengeneza kwa mkono wangu. Niliogopa ukweli ukikufikia utamfikia yeye, kisha wenzetu, na cheo changu kitaota mbawa. Dada, alikuwa kwenye kiti cha pembeni yangu. Kiwiko chake kilikuwa kinagusa kikombe changu. Nilipomaliza tu kutuma, alinigeukia akaniomba chaja, simu yake imezima na anataka kukupigia. Nikamwambia sina. Ilikuwa kwenye droo.

Nimeambatanisha kurasa kumi na mbili. Mtu akigusa programu, kompyuta huandika jina lake na saa, na hapo sikuchezea kitu. Tafuta siku ya kuzaliwa kwa binti yenu, utamkuta baba yake saa tano kasorobo usiku. Nakala nyingine, pamoja na ule mstari na jina langu, ziko kwa wakaguzi tangu jana. Kazi yangu naihesabu imekwisha, na siililii.

Shemeji nimemwambia leo asubuhi. Natamani angenipiga. Aliuliza tu kama wewe umeshajua, nikasema bado, akageukia ukutani.

Nisalimie mama, na umbusu mtoto kwa niaba ya baba yake. Mimi usinisamehe haraka, sijakuomba hilo. Chaja nimemwekea pembeni ya kitanda. Akipiga, pokea.

Mdogo wako,
Kichwangumu