Sahani Mbili za Yustina

Uyole, Mbeya
Jumapili, baada ya kanisa

Mpendwa Baba Yustina,

Kamwene. Umeamkaje huko Igowole, na kifua chako kimelalaje? Kila nikiona ukungu wa huku unavyoshuka asubuhi nasema huko kwetu ni zaidi, na wewe najua unatoka kwenda kukamua bila koti. Vaa koti. Wifi yangu amepona mguu? Ng'ombe amezaa, au bado tunamsubiri? Mimi ni mzima, isipokuwa magoti yakisikia mvua yanaanza maneno yao. Yustina ni mzima. Narudia tena usome vizuri: Yustina ni mzima kabisa. Hilo ndilo limenikalisha niandike kwa mkono wangu mwenyewe, nisimwombe mkwe aniandikie kama zile barua za nyuma. Mistari ikipanda mlima unisamehe, mwalimu wetu wa kisomo alinifundisha herufi tu, kunyoosha hatukufika.

Ndani ya bahasha umekuta kipande cha uzi mwekundu. Usikitupe, wala usikifungie kitu. Mbele nitakuambia ni cha nini.

Barua yako nimeipata, nimeisoma mara tatu. Unasema yule dereva wa lori la mbao alipita hapa kwa Yustina, akaja kukuambia kwamba mtoto amekonda, gauni linamcheza mwilini, na chai yenye sukari aliikataa mbele ya macho yake. Unasema mwezi ukiisha utapanda basi uje umchukue mtoto wako, maana hukumtoa kwa watu wamnyime chakula. Baba Yustina, niliposoma hapo nilitafuta kalamu. Keti kwanza. Aliyoyaona dereva ni kweli, ila hakuyaelewa.

Unamkumbuka yule mtoto aliyetoka mwaka jana kabla ya wakati wake. Sitaandika mengi, karatasi italowa. Ila kuna jambo tulikuficha. Hospitali walisema presha ya Yustina ilipanda sana, na mwili umezidi uzito. Daktari alimwambia, "Mama, usibebe mimba nyingine mpaka mwili upungue na presha ishuke. Ukirudi hapa na uzito huu, nitaogopa kwa ajili yako na kwa ajili ya mtoto." Yustina akasema tusikuambie, eti Baba atasema nimerogwa. Mimi nikanyamaza. Hilo kosa ni langu, unisamehe.

Basi akaanza peke yake, kabla mimi sijaja. Sukari kwenye chai akaacha. Mandazi akaacha. Jioni sahani moja, haongezi. Asubuhi anapanda kilimani kulima viazi kabla hajakaa kwenye cherehani. Na kila Jumamosi mchana anakwenda kwa mumewe godauni kupimwa. Si unajua mkwe wetu ni karani wa mizani pale, magunia yote ya viazi na mahindi lazima yapite mkononi mwake. Wakishafunga kazi anampandisha mkewe kwenye mizani ile ile ya magunia! Wabebaji wanakaa pembeni wanatania, "Karani, hilo gunia la mbegu au la kula?" Naye Yustina anawajibu juu ya mizani, mikono kiunoni, "La mbegu! Na atakayelishusha vibaya atalipa." Mimi ningekufa kwa aibu. Yeye anashuka, anajifunga khanga yake, anakwenda zake sokoni.

Alianza na kilo tisini na tatu. Siku niliyofika mimi alikuwa na themanini na sita. Hizo ni kilo saba, Baba Yustina, karibu nusu debe la mahindi, ameliweka chini peke yake.

Sasa mimi nilipomwona pale stendi nilifanya nini? Nililia. Nikasema, mwanangu, wamekufanyaje? Mtu tuliyemzoea mashavu yake yanang'aa! Akanikumbusha habari zote za daktari, nikaitikia ndiyo ndiyo, lakini moyo wa mama hausikii, wewe unanijua. Zile karanga nilizotoka nazo nyumbani nikawa nazitwanga, natia kwenye mboga kidogo, simwambii. Nilisema mboga za majani sio kula kwenyewe. Nakiri kwako kama nilivyokiri kwake.

Lakini karanga zilikuwa kosa dogo. Kosa kubwa lilikaa mbele yetu sote hatukuliona.

Unajua sisi mama mkwe hali chakula mbele ya mkwe wake. Kwa hiyo jioni mkwe anakula mezani sebuleni, mimi nakula jikoni. Wao kwao mwanamke ndiye anayemkimbia baba mkwe. Basi nyumba hii imejaa watu wanaojua kujificha. Yustina anaketi mezani na mumewe, maana mume hapendi kula kama mjane, anakula sahani yake moja kama daktari alivyosema. Akimaliza anakuja jikoni, ananikuta nimekaa na chakula changu sijagusa. Nitakulaje peke yangu kama mgonjwa? Nasema, "Karibu, mwanangu." Naye ananihurumia, ananawa, tunakula. Sahani moja tu. Wiki tano nzima.

Jumamosi moja akapanda mizani nami nipo. Mkwe akasogeza lile jiwe la chuma, akarudisha, akasogeza tena. Kilo tisini na moja. Wabebaji siku hiyo hawakutania, mmoja akageuka akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa. Mimi nikasema mizani imeharibika. Mkwe akapima gunia alilokwisha kulipima asubuhi, likaja vile vile. Yustina akashuka, akarudi nyumbani moja kwa moja, sokoni hakupita.

Kesho yake tulialikwa ubatizo kule mtaa wa Soweto, hapa hapa Mbeya, kwa jirani yao wa zamani. Mtoto mzuri, mnene, ana nywele nyingi. Yustina alimpakata, akamrudisha kwa mama yake, akaenda kukaa kwenye chakula. Baba Yustina, alikula. Wali, nyama, ndizi za maziwa, viazi. Alikula haongei na mtu, macho kwenye sahani. Jirani yake mmoja, Mama Tabu, mwenye mdomo, akapiga kelele, "Haya! Leo Yustina amerudi kwetu! Tulidhani mumewe anampimia chakula kwa mizani! Mwongezeeni jamani!" Watu wakacheka, wakamwongezea. Nami nilicheka, nikamwongezea ndizi kwa mkono wangu. Nilidhani amepona.

Tuliporudi akakaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni. "Mama, nimeharibu. Miezi yote ile nimeiharibu."

Jumatatu akatia sukari kwenye chai, vijiko vitatu, ananitazama. Nikasema, mwanangu, vipi tena? Akasema, "Si nimeshaharibu?" Jumanne akanunua mandazi, akala saba. Kilimani hakupanda. Mkwe akawa anazunguka nyumba kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mimi sasa ndio nikaogopa, maana niliona uso wa mtu aliyekata tamaa, na uso ule niliwahi kuuona mwaka jana.

Jumatano asubuhi alikuwa anashona gauni la bibi arusi mmoja wa hapa hapa Uyole. Nilikuwa nachambua maharage karibu yake. Mara nikasikia cherehani imenyamaza. Akainua nguo juu.

"Mama, hili bega nimelikosea. Nimeligeuza."

"Fumua."

"Nachoka. Bora niichome moto nguo yote nianze upya mwezi ujao."

"We, una wazimu? Nguo ya watu! Gauni zima limekukosea nini? Fumua bega, uliache gauni."

Akanitazama. Nikadhani nimemuudhi. Akakaa na ile sindano mkononi mpaka nikamaliza kuchambua ungo mzima wa maharage. Halafu akasema polepole, "Basi Mama, na sisi tufumue bega."

Mimi sikuelewa. Akaacha kazi, akaja akakaa chini kwenye mkeka, akasema tuhesabu tangu nilipokuja mimi, kila siku alikula nini na wapi. Jumatatu asubuhi uji, mchana viazi viwili, jioni sahani moja mezani. "Na moja na mimi," nikasema. Jumanne, sahani moja mezani. "Na moja na mimi." Tulipofika Alhamisi tukatazamana. Akasema, "Mama! Mimi kila jioni nakula mara mbili kwa ajili ya adabu." Akaanza kucheka, mimi nikaanza kulia, halafu tukabadilishana. Nikamwambia na za karanga. Akasema alishaonja siku ya kwanza, alinyamaza asinivunje moyo.

Nikasema basi nafunga mzigo, narudi Igowole, mimi ndiye ninayekumaliza. Akakataa. "Ukiondoka nitakula kwa sababu hupo. Kaa. Tatizo ni mlango."

Na kweli akatengeneza mlango. Alichukua khanga yake moja akaipinda kwa cherehani, mumewe akapiga misumari miwili, wakaitundika kati ya sebule na jikoni. Sasa jioni tunakula wakati mmoja. Mkwe upande wake mezani, mimi upande wangu kwenye mkeka, hanioni simwoni, adabu ipo pale pale. Yustina anakaa kwenye kigoda katikati ya mlango, bega moja liko kwa mumewe na bega moja liko kwangu, sahani yake moja magotini. Siku ya kwanza tulikula kimya kama wezi. Siku ya pili nikasikia mkwe anakohoa. "Mama, umeshakaribia?" Nikasema, "Nimekaribia, baba." Akasema, "Mboga ya leo haina karanga?" Nikasema haina. "Basi ndio maana," akasema, naye Yustina alicheka mpaka akashika ukuta. Siku hizi namtengea mkwe yake yenye karanga pembeni. Mkwe huyu ni mtu, Baba Yustina. Hajawahi kumwambia mtoto wako neno baya juu ya mwili wake, alipokuwa mzito wala alipopungua.

Nikataka sasa ajinyime, siku mbili tatu asile kabisa, alipe zile ndizi za Soweto. Hakukubali. "Nikijinyima leo, kesho nitakula na sufuria. Nakula kama nilivyokuwa nakula kabla sijakosea, basi." Alhamisi ya wiki ile ile akapanda kilimani na jembe lake. Jumamosi akaenda godauni, na mimi ningekuwa yeye nisingekwenda, ningeogopa kuchekwa. Tisini na moja, haijashuka hata robo. Akasema haya, akashuka. Jumamosi iliyofuata tisini. Yule mbebaji aliyefagia siku ile akauliza kwa sauti ndogo, "Gunia la mbegu, Mama?" Akamjibu, "La mbegu."

Hii ndiyo sababu nilisema nakuja mwezi mmoja na hadi leo sijarudi. Miezi imepita, jana amepima themanini na nne. Wiki iliyopita tulikwenda hospitali, wakamfunga ule mkanda mkononi, daktari akasema presha imeshuka vizuri, aendelee hivyo hivyo, na kwamba karibuni watazungumza habari ile nyingine. Yustina alinishika mkono tangu hospitali mpaka stendi, kama alipokuwa mdogo.

Nimezaa watoto watano na nimelea na wengine. Nimewasifu kwa mengi, lakini sijawahi kumheshimu mtoto wangu kama nilivyomheshimu huyu Jumatano ile. Kupungua alishapungua mwanzo, nami sikukuona ni kitu. Lakini kukosea mbele za watu, wakakucheka, wakakuongezea, hata mama yako akakuongezea, halafu ukaamka ukashika jembe lile lile! Mimi nisingeweza. Nimejaribu kuacha ugoro mara ngapi, wewe ni shahidi.

Kwa hiyo njoo, Baba Yustina, basi upande, tunakungoja. Ila njoo kututembelea, usije kuchukua mtu. Na ninakuomba jambo moja kwa magoti yangu haya mabovu. Najua huko kwetu tukimwona mtu amepungua tunampa pole, tunauliza anaumwa nini. Wewe ukishuka kwenye basi ukamwona, usimpe pole. Mpe hongera. Anakuogopa wewe kuliko mizani.

Msalimie sana wifi yangu anayekulinda, mwambie asiinue ndoo mpaka mguu ukae sawa. Msalimie mama mkwe wangu, mwambie mjukuu wake hajarogwa, ni yeye ndiye anayewaroga wabebaji kwa maneno. Mwalimu wa kisomo mwonyeshe barua hii, lakini umfunike hapo penye ugoro.

Sasa ule uzi. Yustina alipoanza alijizungushia uzi mwekundu kiunoni akaukata, akauweka kwenye kopo la vifungo. Jana nilimwomba ajizungushie tena ule ule. Ukazidi. Kilichozidi nikakikata, ndicho hicho ulicho nacho. Kiweke kwenye kiganja chako, utaona kinavuka upande hadi upande. Kitunze kwenye koti, ndani. Na yule dereva wa mbao akipita tena na habari zake, usibishane naye, mwonyeshe uzi.

Ni mimi mwenzio, ninayekula nyuma ya khanga,
Mama Yustina