Kipande cha Ini Kilichozikwa Njiani

Butembo, Jumanne

Dada yangu mpendwa Masika,

Amani iwe nyumbani kwako huko Kanyabayonga. Mama anaendeleaje na miguu yake? Maharagwe mlivuna wenyewe, ama askari waliwatangulia shambani? Nauliza hivyo kwa sababu tangu vita vifunge barabara, habari zenu zinanifikia kwa miguu ya wachuuzi, tena zikiwa zimechakaa.

Mimi sipo Beni. Huu ni mwezi wa pili niko hapa Butembo, karibu na hospitali, kwa ajili ya ini langu. Macho bado ni ya manjano, na suruali zangu zimekuwa kama za mtu mwingine. Lakini kuna jambo limenishtua, na nataka ulisikie kwangu kabla wachuuzi hawajakufikishia kwa namna yao.

Kwanza nikueleze, maana unanijua. Daktari aliona ini limevimba, ila sababu zinaweza kuwa mbili. Huenda ni kifua kikuu kilichojificha ndani yake. Huenda ni mwili wenyewe unaolishambulia. Dawa inayotuliza ugonjwa wa pili huuchochea ule wa kwanza, nao ungeniua upesi. Kwa hiyo hawezi kuanza kunitibu kwa kubahatisha. Alinichoma sindano ndefu katikati ya mbavu za kuume, akavuta kipande cha ini chembamba kama uzi wa kushonea, akakitia katika chupa ndogo yenye dawa ya kuzuia kuoza. Kipimo hicho wanakiita biopsie. Hapa hakuna mtu wa kukisoma. Lazima kivuke mpaka hadi Kampala.

Siku hizi posta yetu ni wafanyabiashara. Chupa na karatasi ya daktari nilimpa Saidi, msafirishaji wa Beni ambaye watoto wake nimewafundisha. Akauliza, "Mwalimu, hii ni nini?" Nikamjibu, "Ni kitu ya hospitali tu." Mimi ninayeeleza kila kitu, siku hiyo nilikuwa nimechoka.

Nikangoja wiki tatu. Kila asubuhi nilimwuliza daktari, naye akatikisa kichwa. Alhamisi iliyopita Saidi alikuja chumbani kwangu, akakaa bila kukaribishwa.

"Mwalimu, unisamehe. Ile kitu nilizika."

"Ulizika nini?"

"Ini yako. Kwa barrière, kizuizi ya barabarani, basoda ya jeshi bakafungua chupa, mumoja akasoma karatasi. Akasema, 'Huyu anatembeza nyama ya mutu.' Bakanipiga, bakasema nitupe kwa majani. Lakini kutupa nilikatala. Mwili ya mutu hatutupake, Mwalimu, hata kidole. Nikaosha, nikafunga na kitambaa nyeupe, nikachimba, nikazika."

Masika, unajua swali lililonitoka? "Kaburi liko upande gani wa barabara?"

"Kuume, kama unaenda Kasindi, kule mpakani. Nilikuombea kidogo. Sijui kama dua ya bakatoliki iko tofauti."

Nilitia mkono ubavuni, penye kovu la sindano, nikaushikilia hapo kama mtu anayezuia mlango. Kipande changu kilikuwa kimeshavishwa sanda na kusomewa dua, na mimi nilikuwa nakunywa uji nikingoja habari zake. Ningemkasirikia Saidi, lakini jicho lake moja lilikuwa bado halifunguki vizuri kwa kile kipigo.

Daktari aliposikia alivua miwani. Kufukua hakusaidii, alisema, kwani nyama ikishatolewa katika dawa na kuoshwa huoza kama nyama yoyote. "Tuchome tena, ama tubahatishe, Mwalimu." Mara ya kwanza nilivuja damu ndani ya tumbo, nikazimia mpaka jioni, maana damu yangu inachelewa kuganda. Niliomba siku tatu za kufikiri, nikazitumia zote kuogopa. Jana nilijilaza kitandani pale pale, nikainua mkono nyuma ya kichwa, nikamwambia achome.

Nimeamka, kama unavyoona. Leo asubuhi Saidi amekuja kuchukua chupa ya pili, bila kuitwa. Safari hii nimemkalisha, nikamchorea ini kwenye karatasi, nikamwonyesha sindano ilipopita na kwa nini kile kipande kisioshwe. Daktari ameongeza barua yenye muhuri kwa ajili ya askari. Saidi amesikiliza hadi mwisho, akaifunga chupa ndani ya shati lake la kubadilisha. Halafu akauliza:

"Na bakimaliza kuangalia, Mwalimu, bataiweka wapi?"

Nimemwambia awaulize huko, aniletee jibu hilo pamoja na matokeo.

Nisalimie shemeji, mume wako, na katekista wetu aliyenifundishia watoto katekisimu. Mama mpe mkono wangu. Habari ya kaburi usimwambie. Mwambie tu kwamba dawa haijaanza, nangoja.

Kaka yako mkubwa,
Paluku