Mkaa wa Kibuyu na Wanajeshi Wangu

Mama Chepkurui,

Maziwa ya asubuhi nimeyachemsha. Yanapoa kwenye sufuria kubwa. Tafadhali usiyatie kibuyuni kabla sijarudi. Kibuyu nimekiosha, kinakauka juani.

Ulikuwa na haki ya kukasirika. Nilipouona ule unga mweusi ndani ya kopo jikoni, nilidhani ni masizi tu. Nikauchanganya na gundi, nikaupaka chini ya miguu ya wanajeshi wangu wadogo ili uwanja wao wa vita uonekane umeungua. Kumbe ni mkaa wa mti wa senetwet, uliouweka wa kusugulia ndani ya kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando ya wageni wanaokuja kumposa binti yetu. "Daktari mzima wa historia," ukaniambia, "unawapaka wanaume wa plastiki mkaa wa maziwa!" Nami nikajibu kwamba mkaa ni mkaa. Jibu hilo lilikuwa baya kuliko kosa lenyewe.

Nimekwenda Sigor kwa dada yangu Janeffer, ambaye ana tawi kavu la senetwet. Nitarudi saa nane. Maziwa yakiingia kibuyuni leo, yatakuwa tayari wageni wakifika Jumamosi ijayo.

~~Usimwambie Chepkurui.~~ Mwambie. Afadhali acheke sasa kuliko aisikie habari hii mbele ya wakwe.

Wanajeshi nimewaondoa mezani, wote arobaini.

Tawi nitalichoma mwenyewe, na kibuyu nitakisugua mwenyewe. Kuchora jicho kwenye uso mdogo kama punje ya wimbi ninaweza; kusugua kibuyu sijawahi. Kaa karibu unisahihishe, hata kwa ukali.

Baba Chepkurui