Kadi Imefika

Jumamosi. Mawingu tangu alfajiri, mvua inatishia tu hainyeshi, na fukuto la Bagamoyo limenikaa kifuani. Lakini leo sina la kulalamika, shajara yangu. Kadi imefika.

Ngoja nieleze kwanza ni kadi gani, maana neno hili moja limeniletea makubwa.

Kazi yangu ni kuchora nyumba. Mtu ana kiwanja chake, ananieleza anachotaka, namchorea ramani, kisha namtolea picha ya nyumba itakavyokuwa ikishasimama, na rangi zake na madirisha yake, hata mti wa mbele akitaka. Kuchora si tabu. Tabu ni hiyo picha. Kompyuta yangu ni ya mezani, ya zamani, ilifungwa kiwandani kwa ajili ya makarani waandike barua zao waende nyumbani. Nikiiambia itoe picha ya sebule tu, inaunguruma, inapata moto, halafu inaganda. Juzijuzi mteja mmoja alichoka kungoja, akahamia kwa mchoraji mwingine. Wala sikumlaumu.

Kompyuta mpya siiwezi kwa sasa. Nikaamua kuiongezea hii kadi ya picha, kifaa kinachochomekwa ndani ya kompyuta, kazi yake ni kushughulikia picha tu ili mashine yenyewe ipumue. Na hapo napo kuna masharti. Kasha langu ni jembamba, kadi za kawaida haziingii. Umeme wake ni mdogo, hauna hata waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Kwa hiyo nilitaka kadi fupi, isiyo na makuu, inayotosheka na umeme wa palepale inapochomekwa. Nimeitafuta mpaka nimekata tamaa, ndipo muuzaji mmoja wa Kariakoo akanipigia kwamba anayo na ataituma kwa basi.

Simu ile niliipokea uani. Mama alikuwa pembeni anachagua mchele. Nilimwambia yule muuzaji, tena kwa sauti ya mtu mwenye furaha yake, "Kadi ikifika tu, shughuli inaanza. Nimengoja mno."

Mama alisikia. Akaendelea na mchele wake.

Nakaribia arobaini na sijaoa. Hapa kwetu ukisema kadi, ni kadi ya harusi, na ukisema shughuli, basi ndiyo harusi yenyewe. Mimi niliyezaliwa mji huu huu sikuliona hilo hata kidogo. Akili yangu yote ilikuwa kwenye mashine.

Basi leo nimetoka stendi na boksi langu kwapani, nafika nyumbani nakuta mkeka mpya umetandikwa, udi unafuka, pilau linanukia mpaka njiani. Mama mdogo amekuja kutoka Mlingotini, amevaa za kutokea. Nikadhani tuna mgeni. Nikawaamkia, nikapewa marahaba ndefu ambayo sijapewa tangu nimalize chuo, na macho yao yote yako kwenye boksi. Mama mdogo akalipokea kwa mikono miwili, akasema kadi zenyewe mbona chache hivi, kwani nimemwalika nani na kumwacha nani. Akafungua.

Akatoa kipande cha chuma chenye feni mbili.

"Hii ndiyo kadi?" akaniuliza.

Nikaeleza. Nikaeleza tena. Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini, akawa anaipepea ile kadi usoni kwake akisema angalau feni anazo. Mama hakucheka. Alitabasamu kidogo ili asiniharibie furaha yangu, akasema hewala, akarudi jikoni kuangalia pilau lake. Nilimwona mgongo tu, anauweka sawa mtandio ambao wala haukuwa umelegea.

Iliniuma sana.

Iliniuma zaidi kwa sababu mtu ninaye. Sijawahi kuliandika hili hapa. Anaitwa Zuhura, ni mwalimu, anafundisha Msata. Aliolewa akaachika, ana binti wa darasa la pili. Sisi wenyewe tulishakubaliana. Aliyebaki kuambiwa ni mama, na mama ana binti wa kaka yake huko Pangani ambaye kila Idi lazima amtaje, mara anavyojua kupika, mara anavyojua kunyamaza. Wanawake walioachika nimewahi kumsikia anavyowasema. Akikataa, mimi sitaoa juu ya kinyongo cha mama yangu, na Zuhura ameshaniambia waziwazi kwamba haingii nyumba asimotakiwa. Hapo ndipo mambo yanapoishia. Kwa hiyo nikawa nanyamaza, mwezi unaingia, mwezi unatoka.

Woga, ndilo jina lake hasa.

Nikajifungia chumbani na bisibisi. Skrubu za nyuma ya kasha zimeliwa na kutu, chumvi ya bahari haichagui cha mtu, moja nilipambana nayo mpaka vidole vikauma. Ndani vumbi tupu. Nikasafisha kwa brashi ya rangi, taratibu. Kadi ilikuja na bati refu la kuishikiza kwenye kasha, nikalitoa nikafunga lile fupi lililokuwamo kwenye boksi, nikaichomeka, nikaikandamiza mpaka ikaitika. Nikafunga kila kitu. Nikawasha.

Skrini nyeusi.

Nikazima, nikawasha. Nyeusi tii. Mama mdogo akaja na sahani ya pilau, akasimama mlangoni, akataka kujua kama nilisema bismillahi. Nilisema. Jasho lilikuwa linanitiririka, na moyoni nimeshamsema yule muuzaji wa Kariakoo kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Maskini, hana kosa. Waya wa skrini nilikuwa nimeurudisha kwenye tundu lake la zamani, badala ya kuuchomeka kwenye kadi yenyewe. Miaka yote mkono umezoea pale, ukaenda pale. Nikauhamisha, na picha ikaja kweupe. Mama mdogo akasema ni bismillahi yake, akaenda zake kujinyoosha.

Nikasakinisha programu nilizotakiwa kusakinisha, kisha nikataka kuipima. Faili zito kuliko yote niliyonayo ni la nyumba moja niliyoichorea kiwanja changu mwenyewe, kule Makurunge. Kila nikijaribu kulitolea picha mashine inaganda, sijapata kuiona nyumba ile ikiwa kamili. Nikabonyeza, nikavuta sahani. Sijameza tonge la tatu, picha hiyo hapo. Ukuta mweupe, baraza, kivuli kimelala pale kinapotakiwa kulala. Nikajikuta nasema Alhamdulillahi kwa sauti.

Mama akaingia anafuta mikono. Najua alikuja kwa sababu hakupenda nidhani amenuna, ndivyo alivyo. Akasimama nyuma yangu. Nikamzungushia nyumba, nikamwingiza mlangoni, nikampitisha sebuleni na jikoni bila kukwama hata mara moja, akawa anaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza ni ya nani.

Ningeweza kusema ni ya mteja. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Yangu, mama. Yangu na mtu anaitwa Zuhura."

Nikamwambia yote. Ualimu, Msata, kuachika, binti. Sikumtazama, nilikuwa naongea na skrini. Nilipomaliza, feni za kadi zilikuwa bado zinazunguka. Nilifikiri nimeshaharibu.

Akanyoosha kidole. "Na chumba hiki cha kando, chenye choo chake ndani?"

"Chako. Yeye ndiye aliyekitaka. Mimi pale nilikuwa nimeweka ofisi."

Ndivyo ilivyokuwa. Zuhura aliiangalia ramani ya kwanza, akaniuliza mama yangu atalala wapi, nikaifuta ofisi.

Mama akakaa kitandani kwangu. Akaomba nimwingize tena mle chumbani, nimwoneshe kila upande. Nikamwonesha. Akanitaka nisogee dirishani, nikasogea. Akaliangalia muda mrefu, uso wake siusomi.

"Dirisha mmeliweka upande wa jua," akasema. "Mwambie mimi jua la alasiri siliwezi."

Halafu akauliza binti analala wapi, nikamwonesha, akasema ni padogo, mtoto anakua. Akabeba sahani yangu, akatoka. Nikamsikia anamwamsha mama mdogo.

Nimebaki kwenye kiti. Mwambie, amesema. Kwa mama yangu, mtu asiyemtaka hamtumii salamu wala maagizo. Machozi yalinitoka, na siyaonei haya.

Dirisha nimeshalihamishia upande wa upepo, chumba cha mtoto nimekiongeza kwa kuipunguza sebule, na picha mpya imetoka kabla sijaweka miguu vizuri. Kesho Inshallah naondoka na gari la asubuhi kwenda Msata. Sijui nianze na lipi, kwamba mama amekubali au kwamba dirisha limehama.

Nadhani nitaanza na dirisha.